Nani atawalea wanao ukiondoka?

Hapa Embulbul, karibu na Ngong, sisi tuliotoka Pwani tunaishi mbali na akina shangazi na wajomba. Ndiyo maana nawaambia jirani zangu: wasia usiwe wa kiwanja na nyumba tu, andika pia jina la atakayewalea watoto.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamruhusu mzazi kumteua mlezi kwa wasia au kwa hati. Hati iwe na tarehe, na mzazi aitie sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mzazi mwenzako akiwa hai, mlezi hamnyang'anyi watoto, bali hushirikiana naye. Wasipoelewana, mahakama huamua ikitanguliza maslahi ya mtoto.

Kwa sisi Waislamu, wasia wa mali hauzidi thuluthi moja bila ridhaa ya warithi. Lakini mtoto si mali, na mlezi wake hutajwa kando. Muulize kadhi kabla ya kuandika.

Kisha zungumza na uliyemteua, akubali mapema. Asije akalisikia jambo hilo matangani, huku familia mbili zikivutana na watoto wanatazama.