Gari la timu likichemsha, usikimbilie thamostati ya baridi

SAA nne asubuhi. Mechi ni saa kumi jioni. Hiace ya timu imesimama katikati ya mlima, boneti liko wazi na mvuke unapanda kama wa sufuria ya mama ntilie. Kipa wa akiba ametumwa mtoni na dumu la lita 20. Kocha anaangalia saa, nahodha anaangalia barabara, na dereva haangalii mtu usoni.

Picha hii shabiki yeyote wa soka la mchangani mkoani Songwe anaijua. Kwa timu inayotoka Mbebe, kata iliyopo Wilaya ya Ileje, mpinzani wa kwanza wa mechi ya ugenini ni mlima. Lami ya Mpemba hadi Isongole, takribani kilomita 50, imemaliza vumbi na mashimo, lakini haikuondoa milima. Ukitoka Ileje kwenda Tunduma au Vwawa, yalipo makao makuu ya mkoa, unapanda na kushuka, na Hiace iliyojaza wachezaji, mabegi na mashabiki wawili watatu waliojipenyeza haina mahali pa kupumzika.

Hasara yake si ya karakana tu. Timu isiyotokea uwanjani mwisho wake ni kupoteza pointi tatu na mabao matatu ya mezani. Ikitokea imechelewa, wachezaji wanashuka na kuingia uwanjani bila kupasha misuli, miguu imeshachoka kwa kusukuma gari. Dakika ya 20 beki wa kulia ameshika paja. Halafu wiki nzima lawama zinamwangukia kocha.

KAMBI TATU KIJIWENI

Jumatatu ikifika, mjadala wa gari unakuwa mkali kuliko wa penalti. Mara nyingi kunakuwa na kambi tatu.

Ya kwanza inataka thamostati itolewe kabisa. Kwao ni kizuizi tu cha maji, kitu cha wazungu wenye theluji, na maelfu ya magari barabarani yanatembea bila hiyo. Ya pili inajiona ya kisasa zaidi. Inataka ya kiwandani itolewe, ifungwe ya dukani inayofunguka mapema, ile inayoitwa ya baridi, ili injini isifike kwenye joto kali. Ya tatu ina watu wachache na haina makelele. Inasema iachwe ya kiwandani, au ifungwe mpya yenye kiwango kilekile, halafu itafutwe sababu ya gari kuchemsha.

Michango ya timu ni ileile moja. Ikitumika vibaya, Jumamosi ijayo dumu linarudi mtoni. Kwa hiyo ni vizuri kujua hiki kidude kinafanya kazi gani.

KAZI YA THAMOSTATI

Thamostati ni valvu ndogo kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna kikopo chenye nta. Injini ikiwa ya baridi, nta imeganda na njia imefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili yapate joto haraka. Joto likifika kiwango chake, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma valvu, na maji yanaanza kwenda kwenye rejeta kupoozwa.

Kiwango hicho huwa kimegongwa kwenye chuma chenyewe. Ukikuta 82, maana yake inaanza kufunguka kwenye nyuzi joto 82 na inakuwa wazi kabisa ikikaribia 95. Nyingine zimeandikwa 88. Ya baridi inaweza kuwa 71 au 76.

Hapo ndipo kambi ya pili inapopiga pasi mkaa. Wanadhani thamostati ya nyuzi 71 inaongeza nguvu ya kupooza. Haiongezi. Inachobadilisha ni muda wa kuanza. Rejeta ni ileile, feni ni ileile, pampu ya maji ni ileile.

Chukua Hiace mbili zinazofanana, moja ina 82 na nyingine ina 71. Zipeleke kwenye mlima mmoja na mzigo mmoja. Mlima ukikaza na joto likapita nyuzi 95, thamostati zote mbili ziko wazi mlango mzima. Kuanzia hapo hakuna tofauti. Kama rejeta ina uwezo, zote zitapanda salama. Kama imeziba, zote zitachemsha. Ile ya 71 itakuwa imechelewa kidogo tu kwa sababu ilianza mlima ikiwa na joto la chini. Ni sawa na bao la dakika ya kwanza kwa timu isiyo na pumzi. Litashangiliwa, lakini dakika 89 bado zipo.

SOMO LA FORTALEZA

Mashabiki wa soka wanakumbuka Juni 29, 2014, Uholanzi na Mexico kwenye Kombe la Dunia mjini Fortaleza, Brazil. Joto lilikuwa kali na mwamuzi akasimamisha mchezo ili wachezaji wanywe maji. Hakusimamisha dakika ya tatu kwa kuogopa kwamba baadaye watachoka. Aliwaacha wacheze, wapate moto, na kipindi cha kwanza mapumziko yakaja mchezo ulipofika kama nusu saa.

Mapumziko ya pili ndiyo yaliyobaki kwenye historia. Uholanzi walikuwa nyuma kwa bao 1-0. Louis van Gaal aliyatumia kubadilisha mfumo, Wesley Sneijder akasawazisha dakika ya 88, na Klaas-Jan Huntelaar aliyetokea benchi akafunga penalti ya dakika za nyongeza. Uholanzi wakashinda 2-1.

Maji peke yake hayakuleta ushindi. Mexico nao walikunywa. Kilicholeta ushindi ni mpango na benchi. Kwenye gari, thamostati ndiye mwamuzi anayeamua maji yaende lini. Benchi ni rejeta, feni, pampu na mfuniko. Kumbadilisha mwamuzi wakati benchi ni bovu hakukupi pointi.

WANAOTOA KABISA NAO WANAUMIA

Kambi ya kwanza ina hoja moja ya kweli: thamostati iliyokufa ikiwa imefunga huua injini. Ikigoma kufunguka ukiwa mlimani, kuitoa ili mfike ni uamuzi wa dharura unaoeleweka. Tatizo ni dharura inayogeuka kuwa maisha.

Injini nyingi za Toyota, zikiwemo za dizeli zinazobeba Hiace na Coaster, zina thamostati yenye kazi mbili. Inapofungua njia ya rejeta, upande wake wa pili unaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja. Sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Yaani umeitoa ili gari lipoe, na mlimani likachemsha zaidi.

Kwenye mteremko na asubuhi za baridi inakuwa kinyume. Ileje ni nchi ya baridi, na mwezi Juni na Julai wachezaji wanapanda gari wamejifunga makoti. Injini isiyo na thamostati, au yenye ya nyuzi 71, inachelewa sana kupata moto. Kwenye magari ya petroli yenye mfumo wa kompyuta, sensa ikisoma kwamba maji bado ni ya baridi, kompyuta inaongeza mafuta. Kwenye dizeli, mafuta hayaungui vizuri na moshi unaongezeka. Mafuta yasiyoungua na unyevu huingia kwenye oili. Oili isipopata joto la kutosha kuukausha unyevu huo, inageuka tope, na vyuma vinasagana.

Ndiyo maana dereva anashangaa lita alizozoea zimeishia Mpemba. Hela ya mafuta ya kurudi imeliwa na kidude ambacho hakipo.

MLIMANI MAJI YANACHEMKA MAPEMA

Wilaya za ukanda huu zina jambo jingine ambalo watu wa Dar es Salaam hawalipati. Usawa wa bahari maji ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, kama ulivyo Tunduma, yanachemka kwenye nyuzi 95 au chini kidogo. Hata anayepika maharage analijua hilo, yanachelewa kuiva.

Kinacholiokoa gari ni mfuniko wa rejeta. Una springi na mpira vinavyobana presha ndani, na presha hiyo inasogeza kiwango cha kuchemka juu ya nyuzi 110. Mpira ukikatika au springi ikilegea, presha inatoroka. Gari la Dar lenye mfuniko kimeo lina hadi nyuzi 100. La Ileje lina 95, na thamostati ya 82 ndiyo kwanza inamalizia kufunguka. Hapo fundi anatoa thamostati yenye afya, wakati mgonjwa ni mfuniko.

Ongeza na maji ya mtoni. Yanaleta kutu na chumvi, na mirija ya rejeta inaziba kidogo kidogo kila Jumamosi. Kulanti inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Timu inayojaza maji ya mtoni mwaka mzima halafu inanunua thamostati ya baridi inafanana na klabu inayosajili mshambuliaji mpya wakati kila mechi inaruhusu mabao manne.

KITONGA HAINA SIRI

Mtihani mkubwa zaidi ni kwa mashabiki wanaokodi Coaster kutoka Tunduma kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa kuangalia Simba na Yanga, safari ya zaidi ya kilomita 900. Wakati wa kurudi, gari linapita joto la Mikumi na Ruaha Mbuyuni, halafu linakutana na mlima Kitonga, Iringa. Hapo mwendo ni mdogo, gia ni nzito na upepo wa mbele haupo. Gari lililofika Dar salama kwa kuteremka linaumbuka hapo.

Hakuna thamostati ya nyuzi yoyote inayolipandisha gari lenye rejeta iliyoziba Kitonga. Na gari lenye rejeta safi, feni inayovuta, mkanda uliokaza na mfuniko mzima linapanda likiwa na ileile ya kiwandani.

INAFAA LINI?

Thamostati ya kufunguka mapema ina mahali pake. Ni kwenye magari ya mashindano yaliyoongezwa nguvu, ambayo kompyuta na mfumo wa mafuta vimepangwa upya kuendana nayo. Pia kuna watengenezaji wanaotoa viwango tofauti kwa injini moja kulingana na nchi. Kama kitabu cha gari kinaruhusu 82 badala ya 88 kwa nchi za joto, hiyo ni sehemu ya mpango wa kiwanda. Kushuka hadi 71 kwa Hiace ya abiria ni habari nyingine.

ORODHA YA KAMATI

Kabla ya mchango kutumika, kamati imwombe fundi mambo haya, kwa mpangilio huu. Akague mfuniko wa rejeta. Aangalie kama kuna maji yanavuja kwenye mipira na pampu. Akague mkanda na feni. Asafishe rejeta nje na ndani, kisha ajaze kulanti. Baada ya hapo ndipo aguse thamostati.

Kuipima hakuhitaji mashine. Inaning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji yenye kipimajoto, jiko linawashwa. Ikianza kufunguka karibu na namba iliyogongwa, ni nzima, irudishwe. Ikigoma au ikiwa wazi tangu maji yakiwa ya baridi, inunuliwe mpya yenye namba ileile.

Ikiwa vyote vizima na gari bado linachemsha, gasketi ya silinda hedi ipimwe. Hiyo haitibiwi na thamostati ya aina yoyote.

Na siku ya safari, suka ashushe gia mapema kabla injini haijaanza kulia, azime kiyoyozi, na mshale ukianza kupanda awashe hita hadi mwisho. Abiria watalalamika joto, lakini hita ni rejeta ndogo inayosaidia kutoa joto kwenye injini. Mshale ukikaribia nyekundu, asimame. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwa sababu maji yale yanaruka na kuunguza uso. Wala maji ya baridi yasimwagwe kwenye injini inayochemka, silinda hedi inapasuka.

Kipa wa akiba hakusajiliwa kubeba dumu. Anatakiwa afike Vwawa mapema, avae glovu na apashe na wenzake kabla filimbi haijalia.