Jezi za Matemwe zinasubiri nini?

Baadhi ya kamati za sharika na wafadhili wetu wametuuliza kwa nini maombi ya jezi na viatu kwa timu ya watoto wa miaka 10 huko Matemwe bado hayajapitishwa. Swali ni la haki. Hatupingi soka. Tunachohofia ni ratiba iliyoambatanishwa na maombi hayo: mazoezi siku sita kwa wiki, mwaka mzima, soka tu.

Mifupa ya mtoto hurefuka karibu na ncha zake, penye gegedu ambalo bado halijakomaa. Misuli ya paja imeshikizwa kwa kano chini ya goti, na kila mtoto anapopiga shuti au kuruka, kano hiyo huvuta palepale panapokua. Akirudia mwendo uleule kila siku bila kupumzika, panavimba na kuuma, kama walivyoeleza madaktari Osgood na Schlatter mwaka 1903. Kisigino nacho huumia vivyo hivyo. Tulimkuta kijana wa miaka 12 akichechemea. Aliambiwa ajikaze, naye akajikaza, maana nyumbani walikwishaanza kuhesabu mshahara wa Mbwana Samatta.

Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani (AAP) kilishauri mtoto asijifunge na mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16. Apumzike walau siku moja kwa wiki, na kwa mwaka apate miezi mitatu, hata ikiwa ni mmoja mmoja, mbali na mchezo wake mkuu. Usain Bolt mwenyewe utotoni alicheza kriketi.

Matemwe, bahari ilikuwa ikilisimamia jambo hili. Maji yakipwa, pwani ni uwanja. Yakijaa, watoto huogelea, na wasichana hucheza nage mchangani. Kupwa huchelewa karibu dakika 50 kila siku, hivyo soka haikuwa na saa maalumu. Uwanja ulio mbali na pwani hauna mapumziko hayo, na chuo cha Kurani nacho kinataka nafasi yake alasiri.

Tumeirudisha ratiba kwa wazazi na kocha. Tumeomba siku tatu za soka kwa wiki, miezi mitatu bila soka kila mwaka, na bajeti iongezwe wavu na mipira ya nage. Wakikubali, jezi zitanunuliwa robo ijayo. Kijana yule amepumzishwa wiki sita; kwa sasa babu yake anamfundisha kutweka tanga la ngalawa.