Pointi za Kuingilia Udaktari: Wazazi Tuzielewe



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, vijana hufika hospitalini na karatasi mkononi wakiuliza, "Sista, kwa pointi hizi nitasomea udaktari?" Wengine wazazi wao wamekwisha kuuza ng'ombe ili kupata ada. Yafaa tufahamu jinsi hesabu hii inavyofanyika hapa Tanzania kabla fedha haijatoka mfukoni.

Pointi ni za aina mbili

Baraza la Mitihani hutumia pointi kupanga madaraja. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Hujumlishwa pointi za masomo matatu ya mchepuo. Mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi: pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 ni la pili.

Vyuo vikuu huhesabu kinyume chake. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hapa mwenye pointi nyingi ndiye aliye mbele. Basi mtoto akisema ana "pointi nane", muulize kwanza: nane za nani?

Jumla peke yake haitoshi

Chuo cha udaktari hutazama Fizikia, Kemia na Baiolojia, na yote matatu lazima yawe na ufaulu kamili, yaani A hadi E. S si ufaulu kamili.

Tuchukue vijana wawili wenye daraja la pili, pointi 10. Wa kwanza ana A ya Baiolojia, C ya Kemia na S ya Fizikia. Wa pili ana C ya Baiolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia. Wa kwanza anapongezwa kijiji kizima kwa ile A, lakini mlango wa udaktari umefungwa kwa sababu ya S. Wa pili, asiye na A hata moja, ana ufaulu kamili katika yote matatu, na pointi zake kwa hesabu ya chuo ni 8. Yule wa kwanza asikate tamaa. Anaweza kurudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Njia ya stashahada

Tabibu mwenye stashahada hupimwa kwa wastani, GPA, usiopungua 3.0. Kila somo lina uzito wake, yaani kredi. Zidisha pointi za somo kwa kredi zake, jumlisha, kisha gawanya kwa kredi zote. Mfano: somo la kredi 12 lenye pointi 4 ni 48, la kredi 6 lenye pointi 2 ni 12. Jumla 60, gawanya kwa 18, unapata 3.3. Somo zito likianguka, huvuta wastani wote chini.

Huyu pia hutakiwa awe amefaulu Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza katika kidato cha nne, angalau D. Kwa hiyo binti akitaka kuacha Fizikia mapema, mzuieni.

Kumbukeni

Kutimiza kiwango cha chini si kupata nafasi. Waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Kabla ya kulipa ada ya maombi, someni pamoja na mtoto mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka huo huo, maana masharti hubadilika.