Mafuta 'Yakipotea' Garini, Kagua Waya Kwanza

Wenye malori na matatu wanaofunga vifaa vya kurekodi kiwango cha mafuta wametakiwa kutokimbilia kumlaumu dereva rekodi inapoonyesha mafuta yamepungua ghafla. Huenda tatizo ni waya.

Vihisi vingi vya tangi hutuma volti 0 hadi 5. Waya wa hasi wa kihisi ukifungwa kwenye bodi yenye kutu, au yenye rangi ambayo fundi alisahau kuikwangua, umeme wa taa na feni unaopita hapo huongeza volti kidogo kwenye kipimo. Kwa tangi la lita 200, volti 0.1 pekee ni lita 4. Taa zikizimwa, lita hizo 'hutoweka' ilhali tangi halijaguswa.

Nyaya za kihisi zikipitishwa pamoja na za alteneta, nazo huokota kelele za umeme na namba huanza kurukaruka. Zitenganishwe.

Kupima ni rahisi: injini na taa zikiwa zimewashwa, fundi hupima volti kati ya hasi ya betri na hasi ya kihisi. Jibu likaribie sufuri. Likizidi 0.1, kutu ikwanguliwe na bolti ikazwe, kabla dereva hajakatwa mshahara.