Sumukuvu, homa ya ini na hesabu isiyotaka kujumlishwa

Kati ya mwaka 1986 na 1989, watafiti wa saratani mjini Shanghai, China, waliwaandikisha wanaume 18,244 wenye umri wa miaka 45 hadi 64. Kila mmoja alihojiwa juu ya chakula, sigara na pombe, akatolewa damu kidogo, akakinga mkojo kwenye kichupa. Sampuli zikagandishwa, wanaume wakarudi majumbani mwao, watafiti wakakaa kusubiri. Utafiti wa namna hii hauna haraka. Unaweka akiba ya ushahidi watu wakiwa bado wazima, kisha unaangalia nani ataugua.

Baada ya miaka kadhaa, wanaume 50 kati yao walikuwa wamepata saratani ya ini. Vichupa vyao vikatolewa kwenye majokofu pamoja na vya wenzao 267 wa umri na mitaa ileile ambao hawakuugua. Maabara ikatafuta vitu viwili. Kwenye damu ilitafuta alama ya virusi vya homa ya ini aina B. Kwenye mkojo ilitafuta mabaki ya sumukuvu, yakiwemo vipande vya vinasaba ambavyo sumu hiyo ilikuwa imevinasa ndani ya ini na mwili ukavitupa nje.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Ukimlinganisha na mtu asiye na lolote kati ya hayo mawili, aliyekuwa na dalili za sumukuvu peke yake alikuwa na uwezekano mara 3.4 wa kupata saratani ya ini. Mwenye virusi peke yake, mara 7.3. Mwenye vyote viwili, mara 59.4.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyowafanya wataalamu wa saratani waketi vizuri kwenye viti vyao, na ndiyo inayonifanya niandike makala haya. Kwetu sumukuvu si habari ya kusoma vitabuni. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, shambani mvua zinapogoma na ghalani unyevu unapozidi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika maeneo ya Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilipata mlipuko wake katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Hao ni waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi, ini likashindwa, macho yakawa ya njano, tumbo likavimba. Wanaokula kidogo kidogo miaka nenda rudi hawatangazwi na redio. Wao ndio wa hesabu ya Shanghai.

Tuipige basi hesabu hiyo taratibu, maana wengi huikosea mwanzoni. Mtu akiona 3.4 na 7.3 hukimbilia kujumlisha apate 10.7. Hapo ameuhesabu msingi mara mbili. Yule asiye na sumukuvu wala virusi naye ana uwezekano wake mdogo, tunaouita 1. Sumukuvu imeongeza 2.4 juu ya huo, na virusi vimeongeza 6.3. Kama kila kimoja kingefanya kazi yake bila kujali mwenzake, mwenye vyote angekuwa na 1, na 2.4, na 6.3, yaani 9.7. Hii ndiyo maana ya athari za kujumlishika katika sayansi: athari ya pamoja inalingana na fungu la kila mmoja likiwekwa kando ya la mwenzake. Shanghai ilitarajiwa 9.7, ikapatikana 59.4.

Kulijua hilo kunadai makundi manne, na hapa ndipo tafiti nyingi zinapokwama. Lazima uwe na wasio na chochote, wenye hiki tu, wenye kile tu, na wenye vyote. Wazo hilo lilipiganiwa sana na Ronald Fisher, mtakwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1920. Wakati ule ilikuwa desturi kujaribu jambo moja kwa wakati mmoja: mwaka huu mbolea, mwakani aina ya mbegu. Fisher alisema jaribu yote pamoja kwa mpangilio, ploti hii isiwe na mbolea yoyote, hii iwe na naitrojeni, hii fosforasi, hii zote mbili. Ukijaribu moja moja huwezi kamwe kujua kama zikikutana zinasaidiana, zinazuiana au kila moja inashika lake. Wahandisi wanaopima mchanganyiko wa zege au wa chuma hutumia mpangilio huohuo mpaka leo. Kwa binadamu, bila shaka, huwezi kumlisha mtu sumu ili umweke kwenye ploti. Ndiyo sababu ya vichupa kwenye majokofu.

Yapo mambo yanayojumlishika vizuri kabisa. Mfano safi zaidi uko duka la dawa. Mtu ana mafua na kichwa kinamgonga. Anameza vidonge viwili vya parasetamoli, miligramu 500 kila kimoja, halafu anameza na vidonge vya mafua vya kuchanganya, ambavyo navyo vina gramu moja ya parasetamoli ndani ila imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa pakiti. Hapo hakuna fumbo lolote: gramu moja na gramu moja ni gramu mbili, ini halijali zilitoka kwenye pakiti ya rangi gani. Mtu mzima akishavuka gramu 4 kwa siku anaanza kuliweka ini lake hatarini. Wataalamu wa dawa wanautumia mfano wa dawa kuchanganywa na yenyewe kama rula yao. Mchanganyiko ukizidi rula, dawa zinapeana nguvu, ukipungua, zinapigana.

Upo pia mfano mashuhuri wa asbesto na sigara. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walitoa hesabu za wafanyakazi waliokuwa wakifunga asbesto kama kizuizi cha joto. Asbesto peke yake ilizidisha vifo vya saratani ya mapafu mara 5 hivi, sigara peke yake mara 11 hivi, na vyote viwili mara 53. Kwa kujumlisha tungetarajia 15. Kwa kuzidisha tungetarajia 55. Kwa hiyo asbesto na sigara vilikuwa vikizidishana karibu sawasawa. Ukiifanyia Shanghai hivyohivyo, 3.4 mara 7.3, unapata 24.8, na bado 59.4 iko juu.

Hapa lazima tukanyage breki. Saratani 50 ni chache kwa takwimu za aina hii, tena unazigawa mafungu manne. Watafiti wenyewe waliandika kwamba namba yao ya 59.4 inaweza kuwa popote kati ya 16.6 na 212. Magazeti hupenda kuuacha mstari huo. Ukiuweka, picha inakuwa hivi: hata ukomo wa chini, 16.6, uko juu ya 9.7, kwa hiyo kwamba athari hizi mbili zinapita jumla yake ni jambo lenye mguu wa kusimamia, ingawa hiyo 9.7 nayo imejengwa juu ya makadirio. Lakini 24.8 iko ndani ya uwanja huo. Anayedai kwa kiapo kwamba sumukuvu na virusi vinapita hata kuzidishana ameenda mbali kuliko vichupa vilivyomruhusu. Tena mara 59 ya kitu adimu si lazima kiwe kingi. Wengi wenye virusi na waliokula mahindi mabovu hawatapata saratani hii.

Kwa nini visijumlishike? Jibu liko ndani ya seli za ini. Sumukuvu inapofika haijawa na makali. Vimeng'enya vya ini, katika kazi yake ya kawaida ya kuisafisha, huigeuza kuwa kemikali kali inayodumu muda mfupi mno, na katika muda huo inaweza kung'ang'ania kinasaba. Mara nyingi ini huwahi kulitengeneza jeraha. Seli iliyotulia ina nafasi ya kufanya hivyo. Seli inayolazimika kugawanyika haraka huchapisha nakala pamoja na kosa lake, na kosa likishachapishwa limekuwa la kudumu.

Virusi vya homa ya ini aina B ndivyo vinavyoleta haraka hiyo. Kinga ya mwili inaziua seli zilizoambukizwa, ini linaota seli mpya kuziba mapengo, zinauawa tena, zinaota tena, kwa miaka 20 au 30. Zaidi ya hayo, virusi hujichomeka ndani ya vinasaba vya mwenye ini. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yaliripoti kwamba vivimbe kadhaa vya saratani ya ini kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika vilikuwa na kosa la aina moja kwenye jeni iitwayo p53, inayozuia seli iliyoharibika isiendelee kuzaliana. Kosa lilikuwa sehemu ileile, namba 249, herufi ileile ikibadilishwa, mara nyingi kuwa ileile. Maeneo hayo mawili ndiyo ambako chakula kilikuwa na sumukuvu nyingi. Mmoja analeta makosa, mwingine anayazalisha, na jeni ya kuyazuia imekufa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Athari zikiwa zinajumlishika, unaweza kugawa lawama: fungu hili la sumukuvu, fungu hili la virusi, mwisho yanafika mia kwa mia. Zikipita jumla, mgawo huo unavunjika. Mchukue mwenye 59.4. Mwondolee sumukuvu, abaki na 7.3: umemwondolea karibu asilimia 88 ya hatari yake. Sasa anza upya, mwondolee virusi badala yake, abaki na 3.4: umemwondolea asilimia 94. Jumlisha 88 na 94, unapata 182. Hakuna aliyekosea hesabu. Fungu kubwa la hatari ile linahitaji wote wawili wawepo, kwa hiyo yeyote kati yao akiondoka linakwenda naye. Swali la "nani chanzo hasa?", linalopendwa sana kwenye mijadala ya redio, halina jibu hapa.

Na hili limeonekana nje ya karatasi. Qidong, wilaya iliyo kwenye mlango wa mto Yangtze kaskazini mwa Shanghai, ilikuwa ikila mahindi kama chakula kikuu na ilikuwa na saratani ya ini kwa kiwango cha kutisha. Katikati ya miaka ya 1980 sera za chakula zilipolegezwa, watu wakahamia kwenye mchele, ambao huwa na sumukuvu kidogo sana. Alama za sumu hiyo kwenye damu zikashuka mno, na vifo vya saratani ya ini vikaanza kupungua kwa watu wazima ambao hawakuwahi kupata chanjo ya homa ya ini utotoni. Virusi walikuwa navyo bado. Mwenzake ndiye aliyeondoka.

Sisi hatuhami kwenye ugali, wala sioni sababu ya kuhubiri hivyo. Kuna kazi ndogondogo zinazopunguza sumu. Mahindi yanakaushwa juu ya turubai badala ya udongo mtupu, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Wasio na mashine ya kupimia hutumia chupa kavu ya soda: tia chumvi kavu kidogo na kiganja cha mahindi, tikisa, acha kwa robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Kuchambua punje zilizovunjika na zenye rangi ya ajabu husaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sumu haijatawanyika sawasawa. Punje chache huwa zimebeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Kukoboa nako kunaondoa kiasi kikubwa, na hapa wapenzi wa dona tutanuna kidogo: dona ni bora kwa lishe pale tu mahindi yenyewe ni safi. Kupika hakusaidii, sumu hii inastahimili moto wa jikoni. Na zile punje zilizotupwa, pamoja na pumba, zisiende kwa ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita ikatokea kwenye maziwa.

Upande wa virusi, watoto wetu wanapata chanjo ya homa ya ini aina B ndani ya sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, Kenya na Tanzania, na chanjo yenyewe ilianza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliozaliwa kabla ya hapo, yaani wengi wa wanaosoma makala haya, hawakuipata utotoni.

Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu mahindi yazidi sehemu 10 za sumukuvu kwa bilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO ilikadiria kwamba kiasi kilekile cha sumu kina nguvu ya kuleta saratani mara 30 hivi kwa mwenye virusi kuliko kwa asiye navyo. Kwa hiyo gunia lililopita kipimo kwa tabu sokoni si gunia lilelile likifika nyumba mbili tofauti. Kwetu lakini sumukuvu imeachiwa bwana shamba na homa ya ini imeachiwa zahanati. Mtu akipewa majibu yake ya homa ya ini aina B huambiwa aache pombe, apime familia, arudi kliniki. Ningependa na muuguzi amuulize anahifadhi wapi mahindi yake.