Paka na Sahani ya Mchuzi: Utangulizi

Kisa kinachotuingiza katika taaluma ya sumu unakijua tangu utotoni. Chakula kimeisha, mabaki ya mchuzi yamekusanywa kwenye sahani moja, paka ameitwa. Amekula, amejilamba, amelala. Siku ya tatu amejikunyata chini ya kitanda, ufizi umempauka, na mkojo wake umekuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Watu wa nyumbani wanamshuku jirani kwa sumu ya panya. Mimi nakishuku kitunguu.

Nakitanguliza kitunguu kwa kuwa ndicho mwalimu wetu bora. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina viambato vya salfa vinavyoiharibu hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Katika hemoglobini ya binadamu, sehemu zilizo rahisi kushambuliwa ni mbili. Katika ya mbwa, nne. Katika ya paka, nane. Protini iliyoharibika hujikusanya kama kijidoa pembezoni mwa chembe (vijidoa hivyo vina jina la Robert Heinz, daktari Mjerumani aliyevieleza mwaka 1890), na chembe yenyewe hupasuka au huondolewa na wengu. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya mwili zinatosha kuonyesha madhara katika damu ya paka. Paka wa kilo 4, basi, anahitaji gramu 20 tu, yaani kipande kidogo cha kitunguu cha sokoni. Na kitunguu hakipozwi na moto: ukikikaanga, ukikichemsha, ukikikausha na kukisaga, bado ni kilekile. Kuku wa kupaka, ambaye wengi humwita kuku paka, hana uhusiano wowote na mnyama wetu. Jina limetokana na kupaka mchuzi. Lakini paka hajui ngeli wala vitenzi, na mchuzi ule una saumu.

Kwa nini aumie yeye na sisi tushibe? Turudi kwa mababu zake, paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, waliokula panya, ndege na mijusi. Mla nyama tupu hakutani sana na sumu za mimea, na kiungo kisichotumika hudhoofika. Ini letu huzifunga kemikali nyingi na asidi ya glukuroni ili zitoke kwa mkojo. Kwa paka, jeni moja muhimu ya kazi hiyo imekufa. Ndiyo maana kidonge kimoja cha parasetamoli cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Si chakula, najua, lakini hutolewa kwa huruma ileile inayotoa mchuzi. Jeni nyingine iliyokufa, kama watafiti walivyoonyesha mwaka 2005, ni ya kuonja utamu: paka anayelamba keki anafuata mafuta, hana habari na sukari. Chokoleti nayo ni sumu kwake, ila bahati njema haimvutii sana.

Sumu si kilichomo sahanini peke yake. Kinachokosekana nacho huua, polepole. Mwili wa paka hautengenezi taurini ya kutosha. Lazima aipate kwenye nyama. Mwaka 1987 watafiti wa California walieleza jinsi paka wenye moyo uliotanuka kwa upungufu huo walivyopata nafuu walipopewa taurini. Fikiria sasa paka wa ugali na mchuzi, mwaka hadi mwaka. Samaki mbichi nao, baadhi yao, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na paka aliyeishiwa vitamini hiyo huinamisha shingo hadi kidevu kiguse kifua. Hapa jiko linasaidia: chemsha samaki, kimeng'enya kinakufa. Maziwa ya ng'ombe kwa kawaida huishia kwenye kuharisha tu.

Kurasa zinazofuata zina kemia nyingi, lakini usiiogope. Maswali ya msingi ni machache. Paka wako akiugua, usimtapishe kwa chumvi wala kumpa dawa ya watu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, na umweleze majibu ya maswali hayo: paka alikula nini, kiasi gani, na lini, ukianzia siku tano nyuma.