Msanidi Tovuti: Ngazi ya Kazi na Saa za Nyumbani

Usanidi wa tovuti ni kazi ya kuandika na kutunza maelekezo ambayo kompyuta huyafuata ili ukurasa wa intaneti uonekane kwenye kioo cha simu, upokee taarifa za mtumiaji na kuzihifadhi mahali salama. Ni kazi changa, kwani mtandao wa kurasa ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika maabara ya CERN karibu na Geneva, na katika Afrika Mashariki kazi hiyo haikupata nafasi ya kweli mpaka mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa na kupunguza utegemezi wa setilaiti, ambayo huduma zake zilikuwa ghali na za polepole. Mwaka uliofuata kilifunguliwa Nairobi kituo cha iHub, ambako vijana walipata meza, intaneti na, lililo kubwa zaidi, watu wa kuwauliza.

Wengine huingia katika kazi hii kwa shahada ya kompyuta, wengine kwa kozi fupi za shule binafsi, na wengi kwa kujifunza wenyewe usiku kwa bando la simu. Kazi za mwanzo huwa ni tovuti ya duka la mjomba au ya shule ya jirani, mara nyingi kwa WordPress, programu iliyotolewa mwaka 2003 ambayo humwezesha mtu kupanga tovuti bila kuandika msimbo mwingi; malipo huwa madogo, naye mteja haachi kuomba “kitu kidogo tu” kiongezwe. Baadaye msanidi huchagua upande wa mbele, yaani kile anachokiona mtumiaji, au upande wa nyuma, yaani seva na hifadhidata, ambako huunganisha pia malipo ya M-Pesa. Akikomaa hupandishwa kuwa msimamizi wa wenzake, hata kama kipaji chake kimo katika msimbo na si katika kuendesha vikao, na kampuni nyingi hukosea kwa kutokuwa na cheo kingine cha kumtunuku.

Gharama kubwa ya ngazi hii hailipwi kazini. Zana za kazi hubadilika upesi, kiasi kwamba aliyeifahamu vema jQuery ya mwaka 2006, maktaba ya msimbo uliokwisha kuandikwa, alilazimika kuanza upya pale React, iliyotolewa na Facebook mwaka 2013, ilipoanza kutakiwa na waajiri. Na kujifunza huko hufanywa jioni na Jumapili, kwa muda ambao ungekuwa wa familia, wa chama au wa mpira.

Jambo hilo huwa zito zaidi kwa anayeajiriwa na kampuni ya ng’ambo, ambayo mara nyingi hulipa vizuri kuliko ya nyumbani. San Francisco iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 10 au 11 kutegemea majira, hivyo kikao cha saa nne asubuhi huko huangukia saa mbili au saa tatu usiku huku, chakula kikiwa mezani na watoto wakielekea kulala. London, iliyo nyuma kwa saa mbili au tatu tu, humwachia mtu jioni yake. Mchana nako ndugu wanaomwona nyumbani huamini hana kazi, wakamtuma sokoni au kumletea simu zilizoharibika.

Sheria nayo humkinga nusu nusu. Mwajiriwa wa Tanzania ana haki ya siku 28 za likizo ya mwaka na ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na wa Kenya ana siku za kazi 21 za likizo, lakini msanidi anayeandikiwa mkataba wa mkandarasi, yaani mtu anayejitegemea na kutoa huduma kwa ankara, hazipati haki hizo isipokuwa azidai mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Kwa hiyo anayekusudia kuifanya kazi hii akiletewa mkataba asome kwanza kifungu cha saa za kazi, ndipo atazame kiwango cha malipo.